Umeme wa Nyumba Kubwa

Mwaka 1993, nikiwa na miaka ishirini na minne, niliteremka kutoka mlimani na mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi, nikaja mjini kuomba kazi, Njiro. Shida yangu ilianzia hapo. Ya nyuma ya hapo sitayaandika. Baba na mama wamelala chini ya migomba yao, na mwanaume aliyenizalisha alikwenda machimboni Mererani akasema atarudi Pasaka. Hakusema Pasaka ya mwaka gani. Shule niliishia darasa la nne. Nayatoa haya mapema ili mtu asije akatafuta maneno makubwa humu akayakosa, halafu akaanza kunung'unika.

Watu huniuliza, wakiwa wamekaa kwenye viti vyangu na sahani yangu mapajani, "Mama Furaha, hicho Kiingereza unachoongea na wageni ulikipata wapi wewe?" Wanauliza kama vile nimekiokota kwenye begi la mtu. Miaka yote nimekuwa nikicheka tu na kuwaongezea mchuzi. Mwaka huu nimeamua kujibu, kwa sababu Lenka amekuja. Lenka ni Mcheki, mzee sasa, anatembea na fimbo, na ndiye niliyemfanyia kazi za ndani mwaka ule. Alinipigia simu akiwa bado kwao, akaniambia kwa Kiingereza kwamba atanipigia tena "when I will arrive". Nilipokata simu nilicheka mpaka mwanangu Furaha akatoka jikoni kuja kuniangalia. Baada ya miaka yote hiyo, bado anakosea palepale. Kosa lenyewe nitalieleza, maana lilikuwa kosa langu pia.

Nyumba ya Njiro ilikuwa na ukuta, geti la bluu, na veranda ya saruji nyekundu ambayo niliipaka nta mpaka ukijitazama unaona meno yako. Jikoni kulikuwa kukubwa kuliko nyumba niliyozaliwa. Kulikuwa na jiko la gesi, friji, na dirisha lililotazama Mlima Meru. Asubuhi nikifuta ukungu kwenye kioo niliuona mlima wote, halafu nilikuwa naupa mgongo, kwa kuwa huko hapakuwa na mtu wa kunipokea. Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya kamba za kuanikia, ndiko kulikuwa na chumba chetu mimi na mwanangu Elifuraha, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Kitanda kimoja, msumari wa kutundikia nguo, balbu moja. Waya wa balbu ulitoka nyumba kubwa, ukapita juu ya kamba za nguo, ukaingia kwetu kwa tundu la ukutani. Swichi ilikuwa jikoni kwao. Ukitaka kulala unavuka uwanja, unazima, unarudi gizani ukipapasa. Leo nina swichi kila chumba, na bado huwa nasimama mlangoni kidogo kabla ya kuzima, kama mtu anayesubiri ruhusa. Mazoea mabaya hayo.

Chakula chao kilinipa kazi. Walichemsha tonge refu la unga wa ngano, nene kama mkono wa mwanaume, wakalikata vipande kwa uzi, wakala na kabichi iliyochachuka na nyama. Mimi niliwapikia hivyo hivyo kama nilivyofundishwa, halafu nikaenda uani kumpa mwanangu loshoro, mahindi yetu na maziwa ya mgando. Siku moja Lenka alinikuta, akaonja kwa kijiko changu, akafumba macho. Tangu siku hiyo bakuli la loshoro likawa linakaa kwenye friji pembeni ya kabichi yao, na mumewe, Bwana Karel, fundi wa mitambo kiwandani, akawa anafungua friji, analitazama, anafunga na kwenda zake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Lenka yeye alikuwa muuguzi asiye na kazi, na mtu aliyezoea kazi ukimfungia ndani ya ukuta ananyauka. Alikuwa akisema, "Nchi yangu mpya, pasipoti mpya, mimi bado niko hapa nahesabu nyanya." Nchi yao ilikuwa imegawanywa mbili mwaka uleule.

Ndipo akaletwa Mwalimu Aminiel. Mchaga wa Machame, mstaafu, tai shingoni hata jua likiwaka, sauti ya kuhubiri. Alikuwa akija saa nne asubuhi kumfundisha Lenka Kiingereza pale veranda, na kabla ya kuanza alipitia jikoni kunywa chai. Siku ya kwanza tu alinieleza hali ilivyo, huku akichovya mkate. "Binti, huyu mama hospitali imekubali kumwona mwezi wa kumi na moja. Akishindwa kujieleza hawamchukui. Na mumewe ameniambia wazi, hakai hapa mwaka mwingine na mke anayelia. Kwa hiyo chai hii itie maziwa ya kutosha nipate nguvu. Wakiondoka hawa, na wewe na huyo mtoto mnaondoka." Alisema kama anataja bei ya sukari. Chai niliyokuwa nammiminia ikamwagika kwenye sahani. Sikuwa na pengine pa kwenda. Tangu siku hiyo kila neno la Kiingereza alilokosea yule mama nililisikia kama bati linang'olewa juu ya kichwa cha mwanangu.

Naye alikosea kweli. Maneno alikuwa nayo mengi. Mahali alipoanguka ni kwenye kuunganisha. Lini, kwa sababu gani, ikiwa nini, mpaka wakati gani. Muuguzi asiyeweza kuyasema hayo atasemaje mgonjwa ameanza lini kutapika? Nilikuwa nachambua mchele dirishani, nikasikia Mwalimu anapiga meza.

"When I come! Sio when I will come! Mara ngapi?"

"Lakini ni kesho, Mwalimu," Lenka akasema. "Sijafika bado. Kwetu tunasema hivyo." Akataja kaneno kao ka kusema lini, "až", kanakolia kama maji yakidondokea mkaa, akaeleza kwamba kwa Kicheki ukishasema hako, kinachofuata lazima kiwe cha wakati ujao, maana bado hakijatokea.

Mwalimu akageukia dirisha. "Anandumi! Hebu njoo hapa."

Nikatoka na ungo wangu. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mwambie mtu kwamba utapika, lakini mpaka ufike nyumbani kwanza. Unasemaje?"

"Nitakapofika nyumbani, nitapika."

"Umesikia? Nitakapofika, nitapika. Kesho mbili, ya kufika na ya kupika!" Akacheka mpaka tai ikapanda begani. "Mmezaliwa tumbo moja ninyi. Mcheki na Mmeru! Haya kaa hapo chini, nifukuze ndege wawili kwa jiwe moja la chaki."

Nikakaa kwenye ngazi ya veranda, na pale ndipo shule yangu ilipoendelea. Mwalimu alichora nyumba kubwa ubaoni, na nyuma yake kijumba kidogo. Akasema sentensi ni ua wa mtu. Nyumba kubwa inasimama peke yake. Kijumba cha nyuma kinakwambia lini, kwa nini, kwa masharti gani, lakini peke yake hakisimami. "Nitakapofika nyumbani." Halafu? Mtu anabaki amekodoa macho. Na Mwingereza, akasema, kesho yake anaiweka nyumba kubwa tu. Huku nyuma hawashi tena, inatosha ileile. Lenka akawa bado amekunja uso. Basi Mwalimu akanyoosha chaki kuelekea kwenye chumba changu. "Kama pale kwa Anandumi. Taa anayo, lakini umeme ni wa nyumba kubwa. Ukizima huku, kule giza."

Lenka akapiga makofi. "Aa! Nimeelewa! Sasa nimeelewa!" Na kweli alielewa, siku ile hakukosea tena. Mimi pia nilielewa. Sikupiga makofi. Niliangalia waya wangu ulivyoning'inia juu ya nguo zao nilizofua, nikainama nikaendelea na mchele. Mwalimu hakuwa na ubaya, alitafuta mfano akaupata. Lakini ukifanywa mfano ukiwa umekaa hapohapo, unaumia mahali ambapo hata huwezi kupapangusa.

Lenka akaandika yale maneno kwenye vikaratasi akavibandika jikoni kote. "Until" kwenye sufuria ya maharage, kwa sababu unachemsha mpaka yalainike. "Because" kwenye mlango wa friji. "Although" kwenye kopo la sukari, eti ingawa daktari amemkataza. "If" akaiweka mlangoni, pale anapopita kila mtu. Tukawa tunapika huku tunasomana. Yeye ananiuliza, mimi najibu. Mimi nakosea, yeye ananisahihisha kwa furaha ya mtu ambaye siku nyingi amekuwa akisahihishwa yeye. Sitadanganya, nilifurahi jikoni mle. Nilikuwa nalala nikirudia kichwani, na nikiamka nakuta yamekaa.

Mpaka tukafika kwenye "if".

Lenka muuguzi, mifano yake yote ni ya magonjwa. Na mtoto aliyekuwa karibu ni mmoja tu, Furaha, anayegonga mifuniko ya sufuria sakafuni. Basi kila asubuhi, akimenya viazi: Furaha akiugua, tutampeleka hospitali. Furaha asipokunywa maji, atazidiwa. Anasema huku anatabasamu, anamchezea nywele. Kwetu mlimani hutaji mtoto wa mtu jina ukaliunganisha na ugonjwa, wala kwa utani, wala kwa somo. Neno likishatoka na jina ndani yake linajua njia ya nyumbani. Nilimwambia, "Madamu, mtaje mwingine." Akasema ni mfano tu. Nikamwambia atumie mbwa wa jirani. Akafikiri namtania, akasema, "Sawa, mimi nikifa, Karel ataoa tena," akacheka mpaka machozi. Kesho yake akasahau, akarudi kwa Furaha. Na Mwalimu, Mchaga mtu mzima, aliyelelewa chini ya mlima mwenzake na huu, naye akasema pale veranda kwa sauti ya kuhubiri: mtoto asipokula, atakufa. Nikaingia jikoni nikaibandua ile "if" mlangoni, nikaitia kwenye jiko la mkaa nililochemshia maharage. Lenka alikuwa amenifuata, akaona. Alisimama na daftari mkononi, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kwa Kiingereza, kilekile alichonifundisha: kwa sababu sitaki. Hatukusomana tena wiki ile. Tulikuwa tunapishana jikoni kama watu wawili kwenye kichochoro chembamba.

Furaha akaugua.

Ilikuwa mchana, siku ya somo. Asubuhi alikunywa maziwa kidogo akalala. Nilipokwenda kumwamsha hakufungua macho. Mwili moto, pumzi fupi fupi, mkono ukiuinua unaanguka. Nilipiga kelele. Lenka akaja mbio akiruka ndoo, nikasimama mlangoni kwangu nikatanua mikono.

"Usimguse."

"Anandumi, nipishe. Ana homa, naomba nimwone!"

"Utamwona nini? Si wewe uliyemwitia? Kila asubuhi ulikuwa unauita ugonjwa, unauonyesha mtoto kwa jina!"

Mwalimu naye akafika, tai imegeuka nyuma. "Binti, toka hapo! Huo ni ushenzi, mtoto anakufa!"

"Haya, sema tena," nikamwambia. "Sema tena atakufa. Na wewe umo, Mwalimu. Mama yako huko Machame angekusikia angekufanyaje?"

Akaivuta tai yake ikarudi mbele. Nikaona amekumbuka. Huko kwetu mtu akimtamkia mtoto neno baya analirudisha kwa mate. Anaonja maziwa, anamtemea mtoto kifuani, tone tu kama umande, halafu anasema neno jema juu yake. Mchungaji hapendi kuyasikia hayo, ingawa mke wake mwenyewe nimemwona akifanya. Mwalimu akamgeukia Lenka akamweleza kwa Kiingereza, taratibu, akitazama chini. Nikauona uso wa yule mama ukibadilika. Alikuwa mtu wa kunawa mikono mpaka kiwiko kabla ya kugusa kitunguu. Kumtemea mate mgonjwa! Akasema hapana. Akasema tunapoteza muda, gari lipo, twende. Nami sikutoka mlangoni. Nilikuwa naisikia pumzi ya mwanangu nyuma ya mgongo wangu, inakwama, inaendelea, inakwama. Mtu anaweza kusema nilimhatarisha mtoto wangu mwenyewe. Na aseme. Nilijua kwa hakika kwamba dawa ya hospitali haiwezi kumtoa mtu aliyefungwa kwa neno, na hata leo ningesimama palepale.

Lenka akanitazama. Halafu akatazama kile kikombe cha maziwa alichobakiza Furaha, kimekaa kizingitini. Akakichukua, akanywa kidogo, akapiga magoti nikampisha. Akamtemea mwanangu kifuani, akisikia aibu na kinyaa waziwazi, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "Furaha atapona." Hakutia "ikiwa". Hakutia sharti lolote. Akaongeza kitu kwa Kicheki, sauti ikamkatika. Kisha Mwalimu akavua miwani, akainama naye akafanya, haraka na vizuri, kama mtu ambaye hakuwahi kusahau.

Tukaingia kwenye gari, Lenka anaendesha. Hospitalini, daktari Mzungu alimkuta Lenka ameshika chupa ya dripu juu, Kiingereza chote kimemkimbia, anaongea Kicheki mtupu. Akanigeukia mimi, akauliza ilianza lini. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba baada ya kunywa maziwa alilala, na nilipomwita hakufungua macho. Akaandika, akaendelea kuuliza, nikaendelea kujibu. Ilikuwa malaria, imepanda kichwani. Tulikaa pale mpaka Furaha akaomba loshoro. Lenka alimletea kwenye bakuli la nyumbani, na njiani kote alikuwa amelishikilia mapajani.

Mwezi wa kumi na moja ukafika, akaenda kuonwa. Alirudi mapema. Walimwambia Kiingereza chake kinatosha kabisa, ila nafasi yenyewe haipo tena. Bwana Karel hakusema kitu, alitoa masanduku stoo. Siku ya kuondoka nilikuwa uani nafunga godoro langu kwa kamba. Bwana Karel akazima swichi kubwa ya nyumba, na balbu yetu, niliyokuwa nimeisahau ikiwaka tangu asubuhi, ikazimika juu ya kichwa changu. Lenka alikuja akanikumbatia kati ya kamba za nguo, akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza tutalala wapi.

Nilikwenda kwenye kambi moja ya watalii chini ya mlima, upande wa mbuga, walikuwa wanatafuta mpishi anayeweza kuongea na wageni. Furaha nilimwacha getini kwa mlinzi. Meneja alikuwa mama wa Kikenya, mkali, kalamu sikioni. Hakuuliza vyeti. Aliuliza kwa Kiingereza, napika nini, namwambiaje mgeni chakula kikichelewa. Nikajibu. Halafu akauliza, mgeni akiugua na wewe uko peke yako, utafanya nini? Ile "if" niliyoichoma ilikuwa imenifuata mpaka pale. Akatazama saa. Nikamwona Furaha kupitia dirishani, anamvuta mlinzi kofia. Mgeni huyo hakuwa na jina, nikajiambia, na mwanangu anahitaji pa kulala leo. Nikasema kwamba mgeni akiugua nitamchemshia maji, nitakuita kwa redio, nitakaa naye mpaka ufike. Kesho zote niliziweka nyumba kubwa, hakuna hata moja niliyoiwasha nyuma. Meneja akasema, "Unaanza leo." Nikatoka, nikazunguka nyuma ya jiko lao, nikatema mate chini kwa ajili ya huyo mgeni nisiyemjua, nikamwambia atapona. Halafu nikavaa aproni.

Mwalimu Aminiel ameshakufa, niliwapikia wageni wa msiba wake, bure. Lenka, mwezi uliopita, alikaa sebuleni kwangu akala loshoro bakuli mbili. Furaha alituletea kahawa, tumbo liko mbele, mimba ya pili. Lenka akamshika mkono, akaanza kwa Kiingereza, "When the baby will come..." Akanyamaza. Nilidhani amegundua kosa la sarufi. Wala. Alikuwa ananitazama mimi, kwa woga uleule wa kizingitini. Akainua kikombe cha maziwa mezani, akaonja, akamtemea mwanangu tone begani, akasema kwa Kiswahili, "Atazaliwa mzima." Furaha akabaki ameduwaa, anauliza, "Mama, huyu bibi kafunzwa na nani?" Nikamwambia anywe kahawa yake.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vinne Engutoto, hati kwa jina langu. Jiko la kupikia harusi na misiba, na sufuria zake zote. Gari moja, Noah, la kubebea chakula. Kibanda cha nyama Kwa Mrombo, anakiendesha mkwe wangu. Ng'ombe wawili wa maziwa. Nusu eka ya migomba na kahawa mlimani, niliyorudi nikainunua. Mtoto mmoja, mjukuu mmoja, na mwingine yuko njiani. Chumba cha uani ninacho pia, mafundi walikijenga bila kuniuliza. Kina swichi yake ndani. Tunawekea kuni na pumba za ng'ombe. Hakuna mtu anayelala humo.